Mvua Ambayo Haikunyesha Kibwezi

Kavata alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa napepeta ndengu nyuma ya jiko. Hakusalimia vizuri. Alisema, "Mama Ndinda, mzee ametuacha." Nikasema pole. Nikasema Mungu awatie nguvu, kama inavyosemwa. Nikasikia kuku wake wakilia kule kwao, kisha akatoa neno ambalo ndilo lilimfanya apige. "Sasa naomba uniangalilie mvua. Watoto wanataka tuzike Jumamosi, ndio watu wa Nairobi na Mombasa wafike. Kaburi linachimbwa kule chini karibu na mto, alichagua mwenyewe akiwa hai. Niambie kama Jumamosi ni sawa." Nikamwambia nitaangalia, nimpigie jioni.

Nilikata simu nikacheka. Nasema ukweli kwa sababu nimezeeka na sina mtu wa kumwogopa. Nilicheka mpaka ungo ukaniponyoka. Shemasi Kimanzi, mume wa Kavata, mtu aliyesimama mbele ya kanisa zima akanifanya mimi mchoma mlima, alikuwa amelala mochari na hawezi kuingia udongoni mpaka mimi nitaje siku. Nilipangusa mikono, nikaingia ndani, nikavaa miwani, nikafungua ramani ya mvua kwenye simu. Alhamisi mawingu ya kupita. Ijumaa jua. Jumamosi, kutoka upande wa Tana, kulikuwa na kitu kinakuja cha rangi ya zambarau, kipana kama mkeka wa harusi, na kilikuwa kitufikie saa nane mchana. Saa nane ndiyo saa ya jeneza kushuka. Kando ya mto kwao udongo ni ule mweusi unaonata. Niliona yote nikiwa nimeketi kitandani: mahema yanapepea, watu wa Nairobi na viatu vyao vya ngozi, kaburi linajaa maji kama birika, na sanduku linakataa kuzama. Neno moja tu lilihitajika. Jumamosi ni sawa.

Wengine wakiandika maisha yao hukumbuka mwaka wa ujana. Ujana wangu ulipita kama maji ya mtungi uliotoboka, sikuuona. Shule niliacha darasa la nne. Mwaka ulionifanya mtu ulinikuta na miaka hamsini na saba, nimeshazika mume, nina wajukuu sita, na nilidhani nimemaliza kujifunza. Wajukuu sasa ni kumi na mmoja, na wote, hata yule wa chuo kikuu, hunipigia kuuliza, "Susu, nianike nguo?" Nasema hivi kwa kujigamba. Haki ninayo, niliinunua mwaka huo kwa uchungu.

Tulikuwa wanawake kumi na wanne wenye mizinga ya nyuki mlimani, huku kwetu upande wa Nuu. Kwa desturi yetu Wakamba mizinga ni mali ya wanaume, kwa kuwa magogo huwekwa juu ya miti na mwanamke hapandi mti. Sisi tulipata ile mizinga ya sanduku, inaning'inizwa kwa waya kimo cha kifua, mtu anarina asali akiwa amesimama chini na sketi yake. Mimi ndiye nilikuwa mwenyekiti. Kavata alikuwa mmoja wetu, ana mizinga miwili. Mume wake hakuipenda kazi hiyo tangu siku ya kwanza. Aliwahi kusema kanisani, akitabasamu, kwamba nyuki hawajui jina la mwanamke. Watu wakacheka. Mimi nilicheka pia, na hicho kicheko changu kimenichoma kwa miaka mingi kuliko moto wenyewe.

Alhamisi moja ya mwisho wa kiangazi, saa kumi jioni, nilipanda mlimani peke yangu kurina mizinga miwili kabla ya mvua. Nilibeba mkebe wangu wa moshi, ndani kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, kama kila mtu anavyofanya. Nikarina, nikauzima mkebe kwa mchanga, nikashuka. Niliona moshi ng'ambo ya mlima, lakini mwezi ule kila mtu anachoma takataka za shamba akingojea vuli. Nani anahesabu moshi? Ijumaa asubuhi tuliamka mlima ni mweusi kutoka mguuni mpaka kichwani. Mizinga yote ilikuwa imeanguka, waya zinaning'inia bila kitu. Nyuki walikuwa chini, wengi, wamekauka kama majani ya chai. Wanawake walisimama pale wakiangalia majivu, kisha mmoja akauliza, bila ubaya, "Jana si ni wewe ulikuwa huku na moshi?"

Jumapili kulikuwa na wageni kanisani, na kila mwanamke alileta sufuria. Mimi nilipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, nikatia na majani ya mboga ya kunde. Kimanzi akasimama kutoa ushuhuda. Alikuwa na sauti nzuri, sitamnyima hiyo. Alisema wiki nzima alikuwa Kibwezi kwa binti yake Syokau anayelima vitunguu, na Alhamisi mvua ya baraka ilimshika huko, mvua ambayo hajaona tangu ujana, viatu vikazama matopeni mpaka kwenye kifundo, akashindwa kusafiri. "Nimefika jana Jumamosi," akasema, "nikakuta mlima wa Mungu umeteketezwa na tamaa ya mtu mmoja." Hakutaja jina. Shingo zote ziligeuka zenyewe. Nikasimama nikasema niletewe kiapo cha kimila, nile mbele ya wazee, na kila mwenye shamba kando ya mlima ale pia. Kimanzi akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayemwona mgonjwa, akasema wokovu hauruhusu mambo ya giza. Wakaimba wimbo.

Baadaye nilikuwa nyuma ya jiko la kanisa nikisuuza sahani, ukuta wa mabati katikati, nikawasikia wenzangu wakipakua. "Hiyo usichote," mmoja alisema. "Hiyo imepikwa na kuni za mlima." Mwingine akasema, "Onja tu, usikie kama ina ladha ya nyuki." Wakacheka kile kicheko cha kuziba mdomo na leso. Nilirudi nyumbani na sufuria kichwani ikiwa nzito kama ilivyokuja. Niliula muthokoi ule peke yangu siku tatu, mpaka ukachacha, na siku ya nne nikaula umechacha. Wiki iliyofuata walimchagua mwenyekiti mwingine. Kavata hakuniangalia. Nilidhani ni aibu ya kunionea mimi. Sikujua ilikuwa aibu ya nani.

Mtu pekee aliyenipa kazi alikuwa Halima, mfanyabiashara wa mbuzi, mama Msomali aliyekuja zamani kutoka upande wa Garissa. Alikuwa na hoteli ya chai kando ya soko la mifugo. Nikawa nampikia chapati. Watu wa kanisa walisema nimebadilisha dini, nami nikawaacha waseme. Nyuma ya hoteli kulikuwa na chumba chake cha biashara, na mpaka leo nikifumba macho naingia humo. Mkeka mwekundu, mito ya kuegemea, chupa tatu za chai ya maziwa ya ngamia, harufu ya udi inayopigana na harufu ya ngozi za mbuzi. Wachuuzi waliketi humo kila siku ya soko, viatu mlangoni, na kitu cha kwanza walichofanya kilikuwa kutoa simu. Nilidhani wanaangalia bei. Walikuwa wanaangalia mawingu. "Huku kumenyesha jana," mmoja alisema. "Hiyo si mvua, hiyo ni wingu limekohoa." "Wewe angalia rangi, acha mdomo." Siku nilipoleta chai nikasimama kidogo zaidi, Halima akaniambia, "Mama Ndinda, keti. Mahali pamenyesha, mtu hauzi mbuzi, anangoja anenepe. Kwa hivyo mimi nanunua kabla Mungu hajafungua bomba. Buluu ni manyunyu. Kijani ni mvua ya shamba. Zambarau, walahi, ingiza watoto."

Binti yangu Ndinda alikuwa amenitumia simu ya kugusa, ikakaa kwenye kabati kama sahani ya wageni. Sasa niliitoa. Halima alinionyesha ramani ya mvua, ya upepo, ya joto. Halafu siku moja akiwa anafanya haraka, wanunuzi wanamngoja nje, alinionyesha kwenye simu yake ramani ya moto. Alisema iko mitambo inapita juu kabisa, mchana mara moja na usiku mara moja, ikiona joto kubwa inaweka kidoti chekundu, na unaweza kurudi nyuma kwa tarehe. Nikamwambia arudi ile Alhamisi. Akarudi. Pale kwetu, mahali mlima wote ulionekana mdogo kama punje ya hindi, kulikuwa na kidoti kimoja kimekaa juu yake. Halima alikigusa kikatoa maandishi. Mimi namba najua. Iliandikwa 10:35.

Hapa lazima nieleze saa ya nyumbani kwangu. Marehemu mume wangu alikuwa na saa moja ya ukutani, na alikataa kabisa mshale uonyeshe kumi halafu mdomo useme nne. Alisema huo ni upuuzi wa wageni. Akaigeuza mishale ifuate mdomo. Ikiwa saa kumi jioni, mshale uko kwenye kumi. Mimi saa nilijifunzia hapo, na kwa maisha yangu yote namba kumi ni jioni, jua linaegemea, mbuzi wanarudi. Kwa hivyo nilipoona kumi na dakika thelathini na tano, nilijiona mwenyewe. Ni saa ile ile nilikuwa nimeinama kwenye mzinga wa pili na mkebe wangu wa moshi. Nilimrudishia Halima simu yake, nikarudi kwenye chapati, nikaziunguza nne.

Siku arobaini nilitembea nikijua kwamba wao ndio wanasema kweli. Sijawahi kuwa na siku mbaya kama hizo, hata za msiba. Kuonewa ni kitu kimoja, mtu anakibeba akiwa amesimama wima. Lakini nilianza kuukumbuka ule mkebe vibaya. Mchanga ulitosha? Hakuna cheche iliyoruka nikiangalia pembeni? Nilikutana na wenye mizinga njiani na mimi ndiye nikainamisha kichwa. Mvua ya vuli ikaja, mlima ukaota majani membamba ya kijani juu ya weusi, nami sikuweza kuutazama. Nikaanza kufikiri nihame, niende kwa dada yangu kule Kanyangi, nifie huko bila jina.

Halima ndiye aliona. Alinikuta nimeketi juu ya gunia la unga mchana, mikono mitupu. "Wewe una nini?" Nikamwambia yote, nalia mpaka kamasi. Alinisikiliza, akaniomba nirudie ile saa, kisha akafanya kitu ambacho karibu nimpige. Alicheka. "Mama, wewe umesoma saa ya nani? Hiyo kumi ni ya Kizungu, ni saa nne asubuhi. Na tena si saa nne yetu. Hiyo mitambo inahesabu na saa ya Uingereza, ongeza tatu. Mimi nasali mara tano kwa siku na nina ndugu nchi sita, mtu hawezi kunidanganya saa." Akahesabu kwa vidole mbele yangu. Nne, tano, sita, saba. Saa saba na dakika thelathini na tano mchana. Saa hiyo Alhamisi nilikuwa kwenye mashine ya kusaga, napigania zamu na watu ishirini, na nusu yao walinisikia nikitukana. Kisha Halima akaipanua ramani kwa vidole viwili, ikafunguka, mlima ukawa mkubwa, na kidoti kikatelemka kutoka juu yake kikakaa chini, ng'ambo, karibu na mto mkavu. Vidoti vya usiku vilikuwa vinapanda kutoka hapo kama siafu. Hapo karibu na mto niliwajua wenye mashamba wote. Katikati yao ni Kimanzi.

Nilitaka nikimbie na hiyo simu siku hiyo hiyo. Halima akanishika sketi. "Kaa. Hicho kidoti ni kama kofia kubwa, inafunika vichwa vinne. Atasema ni jirani. Tena alisema alikuwa Kibwezi." Basi tukafungua ramani ya mvua, tukarudi Kibwezi, tukarudi wiki ile, siku kwa siku. Jumatatu nyeupe. Jumanne nyeupe. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, nyeupe kama karatasi, hata ile buluu ya manyunyu hakuna. Nilimkumbuka na sauti yake nzuri akizamisha viatu kwenye matope ya Mungu. Kitu kikaingia kifuani mwangu siku hiyo, kigumu na baridi, nikakifurahia. Sikumwambia mtu. Nilikifuga kama mtu anavyofuga jogoo wa sikukuu.

Mwezi wa kwanza chifu aliitisha baraza kuamua kama nifungiwe mlima kabisa, nisikanyage tena wala kuwa na mzinga. Nilivaa nguo yangu ya Pasaka. Nilipopewa nafasi nilieleza kidoti, nikaeleza saa, nikapitisha simu kwa wazee. Jua lilikuwa kali. Mzee wa kwanza aliigeuzageuza, akasema, "Mimi naona uso wangu tu." Watu wakacheka. Wa pili aligusa mahali ikaenda kwenye picha za wajukuu wangu. Kimanzi alisimama bila kuitwa, kofia mkononi.

"Chifu, kwani satelaiti imeokoka? Iliapa na Biblia gani?" Wakacheka zaidi. "Huyu mama amekaa kwa hoteli ya chai, sasa amekuwa nabii wa simu."

Nikangoja kicheko kiishe. "Shemasi, mimi sina elimu. Nauliza kitu kimoja. Hiyo mvua iliyokushika Kibwezi Alhamisi, ilikuwa kubwa?"

"Kubwa. Kanisa lote lilinisikia."

"Ilianza saa ngapi?"

"Saa saba hivi, ikapiga mpaka jioni. Matope yalinifika hapa." Akainama, akashika kifundo cha mguu.

"Ramani ya mvua inasema Kibwezi wiki hiyo hakukuanguka tone."

Akajibu papo hapo. "Mvua ya Mungu hunyesha boma hili ikaruka lile. Mwenye hajui hivyo si mkulima." Na wazee wakaitikia, kwa sababu ni kweli, kila mtu hapo amewahi kuona mvua ikinyeshea jirani na kumwacha yeye. Nilikuwa nimeweka kila kitu kwenye ile mvua na sasa ilikuwa imepita vidoleni. Chifu alifungua daftari lake.

Ndipo Kavata akasimama kule kwa wanawake. Alikuwa amejifunga leso kiunoni, na hakumwangalia mtu yeyote, aliongea akitazama kalamu ya chifu. "Hivyo viatu nilipangusa mimi," alisema. "Nilivipangusa Ijumaa asubuhi, si Jumamosi. Vilikuwa na vumbi na majivu. Matope hayakuwa." Akaketi.

Kimanzi alivaa kofia, akaivua. Chifu akasema polepole, "Baba Syokau, una neno?" Na yule mtu mwenye sauti nzuri akaongea kama mtoto aliyemwaga maziwa. "Nilikuwa nachoma takataka za shamba tu. Nikadhani imezimika. Upepo ndio ulibeba."

Wazee walimtoza mbuzi wa kuomba msamaha, akachinjwa hapo hapo wiki iliyofuata, na wanawake wote kumi na wanne tukaalikwa. Walinirudishia kiti changu cha mwenyekiti kabla nyama haijaiva. Kimanzi mwenyewe alinikatia, akaniletea kwa mikono miwili, paja, pamoja na figo. Nilipokea vizuri, nikamshukuru. Kisha nikamwita mbwa wa chifu, nikampa kipande kwa kipande, Kimanzi akiwa amesimama mbele yangu, mpaka sahani ikawa nyeupe. Wale waliosema muthokoi wangu ni wa kuni za mlima waliacha kutafuna. Pasta aliniambia baadaye kwamba haikuwa tabia ya Kikristo. Nikamwambia mbwa ameshukuru.

Chifu alitoa amri pia: hakuna mtu kuchoma shamba kando ya mlima mpaka Mama Ndinda aangalie upepo. Hivyo kiangazi kilipofika mwisho tena, walikuja kwangu mmoja mmoja. Na Kimanzi akaja. Nilimweka kwenye kigoda cha kukamulia, nikamaliza chai yangu kwanza, yote, pamoja na kuloweka mkate. Kisha nikaangalia. "Upepo bado, Shemasi." Ilikuwa kweli. Akarudi baada ya wiki. "Upepo bado." Ilikuwa kweli pia. Mara ya tatu alikuja asubuhi, majirani zake wameshachoma na kulima, na mawingu ya kwanza yamekaa upande wa mashariki. Nilifungua ramani. Upepo ulikuwa umelala kabisa, siku mbili mbele umelala. Nikamtazama alivyoshika kofia yake kwa mikono miwili. Nikasema, "Upepo bado."

Hili sijawahi kumwambia mtu, si Halima, si binti yangu. Mvua ilimkuta shamba lake limejaa vichaka. Alipanda akiwa amechelewa, na mvua ya mwaka huo ilikatika mapema, ndengu zake zikatoa maua na kukaukia hapo. Nilipita njia ya kwao makusudi, nikaziona zimesimama rangi ya kamba. Nilifurahi. Nilitembea kilima chote nikiwa nimefurahi. Mwezi wa pili Kavata alikuja kwangu na beseni tupu chini ya kwapa. Alikuwa amekonda. Nilijua tayari kwamba tangu siku ya baraza mume wake hasemi naye, chakula anakula peke yake amegeukia ukuta. Nilimjazia ndengu mpaka zikamwagika. Akazitazama, akasema, "Mwaka huu ramani ilituokoa na moto, ikatunyima mvua." Alijitwika beseni, akaenda, na mimi nikabaki nimesimama mlangoni na debe mkononi. Nilikuwa nimempiga Kimanzi kwa fimbo ndefu, nayo ilimpita yeye ikampata aliyesimama nyuma yake, ambaye ndiye alinirudishia jina langu.

Kwa Kimanzi sijutii. Nimejaribu, wakati wa ushirika tunapoambiwa tujichunguze, nikajichunguza kila kona, sikuipata hiyo toba. Tungekuwa na miaka mingine mia angekalia kile kigoda kila mwaka. Lakini kwa Kavata nilijuta, na tangu msimu ule sijawahi kumdanganya mtu rangi ya wingu, hata adui, hata mtoto anayetaka kuambiwa kesho kuna jua.

Basi Jumanne hiyo jioni nilimpigia. Ile zambarau bado ilikuwa pale, imekaribia. Niliitazama mara ya mwisho, lile kaburi langu la maji, mahema yangu, viatu vya watu wa Nairobi, nikaviaga.

"Jumamosi haifai," nikasema. "Saa nane mtakuwa ndani ya maji. Zikeni Ijumaa."

"Ijumaa watu hawatafika. Wako kazini."

"Najua."

Kuku walikuwa wameshalala. "Mama Ndinda. Hii si kama ule upepo?"

Nilikaa chini. Miaka yote hiyo. Beseni lile, na kila Jumapili tumeketi benchi moja, na alijua. "Hapana," nikasema. "Hii si kama ule."

"Haya," akasema. "Basi ni Ijumaa."

Tukamzika Ijumaa. Mahema yalikuwa mawili na viti vya plastiki vilipangwa kwa watu wengi, kwa sababu watoto wake walitumaini. Nilivihesabu vilivyokaa tupu, safu kwa safu, nikafika mahali nikaacha, nilikuwa nimeshiba. Yule aliyekusanya kanisa zima dhidi yangu alishushwa na watu wa karibu tu, chini ya jua kali, kwa siku niliyoitaja mimi. Nilisimama mbele, karibu na Kavata. Ilipofika zamu yangu nilitupa udongo. Ulikuwa mkavu, ukapeperuka, ukarudi ukatukalia miguuni. Kavata aliangalia viatu vyake, akaangalia vyangu, kisha akanishika mkono na hakuuachia mpaka kaburi likajaa.

Jumamosi saa nane mvua ikaja, kutoka upande wa Tana, kama nilivyosema, ikapiga mabati mpaka hatukusikiana nyumbani. Mjukuu wangu wa kike alikimbia kuanua vitu vya nje, akaniuliza aache viatu vyangu hapo barazani, mvua ivisafishe. Nikamwambia aviingize ndani hivyo hivyo, na vumbi lake.